Maji bila daftari hupotea bila habari

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwausia wafanyabiashara, lakini usia huo unatufaa leo sisi sote wa Unguja na Pemba katika jambo lililo kubwa kuliko biashara yoyote, nalo ni maji tunayomwagilia mashamba yetu.

Si ajabu, nyakati za kiangazi, kukuta pampu ya bondeni imenguruma usiku kucha, majaluba ya juu yamejaa hata maji yanavuka matuta na kuteremkia mtaroni, ilhali majaluba ya mwisho wa mfereji yamepasuka nyufa. Ukimwuliza mwenye konde la juu, atakujibu kwamba zamu yake ilipofika alichukua yote aliyoweza kuyachukua, kwa kuwa hakujua zamu nyingine ingemfikia lini. Ukimwuliza mwenye konde la chini, atakueleza manung'uniko yake. Kati ya wawili hao hakuna mwizi wala mvivu. Tatizo ni kwamba hapana anayejua ni maji kiasi gani yaliyotoka kisimani, ni kiasi gani yaliyoingia shambani, na ni kiasi gani ardhi ilikuwa ikiyahitaji.

Siku hizi neno dijitali limezoeleka katika hotuba na semina. Tunaambiwa kwamba vyombo vya kisasa vinaweza kupima unyevu wa udongo, kufungua na kufunga maji vyenyewe, na kumpelekea mkulima habari za shamba lake kwa simu ya mkononi. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini gazeti hili linaona kwamba, kwa watu wa visiwani, kazi ya kwanza ya vyombo hivyo si kufungua maji wala kuyafunga. Kazi ya kwanza ni kuweka hesabu, na hesabu hiyo ianzie kisimani. Bila ya hesabu hiyo, chombo kilicho bora kuliko vyote kinaweza kutuharakishia hasara.

Tuanze na hali yetu ilivyo. Visiwa hivi havina Rufiji wala Pangani. Mvua za masika na vuli, pamoja na za nyakati nyingine, hutuletea kwa wastani milimita 1,600 hivi kwa mwaka Unguja, na 1,900 hivi Pemba. Hiyo si haba. Lakini sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kwa miezi michache. Nyingine hukimbilia baharini, nyingine hurudi hewani, na ile inayosalia hupenya katika mchanga na mawe ya chokaa ikakusanyika chini. Hiyo ndiyo akiba yetu. Kisima cha mjini kinachotupatia maji ya kunywa na kisima cha bondeni kinachomwagilia mpunga huteka katika akiba ya namna moja, na kisiwa ni kimoja.

Tena akiba hiyo ina jirani mkali. Maji baridi ni mepesi kidogo kuliko maji ya bahari, na kwa hiyo chini ya kisiwa huelea juu ya maji ya chumvi mithili ya jahazi lililopakia: sehemu ndogo iko juu, sehemu kubwa imezama. Wataalamu Badon Ghyben na Herzberg walikwisha kuieleza kanuni hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwa kila mita moja ya maji baridi iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba tukiyateremsha maji ya kisima kwa mita moja tu, na tukaendelea hivyo, chumvi iliyo chini huweza hatimaye kupanda kwa mita 40. Kisima hakitoi onyo kabla ya hapo. Huendelea kutoa maji matamu hadi siku kinapoanza kutoa ya chumvichumvi, na chumvi ikishaingia, kuiondoa huchukua miaka.

Wakati akiba ni ile ile, wanaoitegemea wameongezeka. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu Zanzibar watu 476,111. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Katika miaka 44 tumekuwa karibu mara nne, na bado sehemu kubwa ya mchele tunaoupika unatoka ng'ambo.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuilaumu nia ya kupanua kilimo cha umwagiliaji. Mpango Mkuu wa Umwagiliaji uliotayarishwa mwaka 2003 kwa msaada wa Japani ulionesha kwamba hekta zipatazo 8,500 Unguja na Pemba zinafaa kumwagiliwa. Baadaye Serikali ilichukua mkopo wa Benki ya Exim ya Korea ili kujenga miundombinu katika mabonde ya Cheju, Kilombero, Chaani, Kinyasini na Kibokwa kwa upande wa Unguja, na Mlemele na Makwararani kwa upande wa Pemba. Hizo ni juhudi za kupongezwa. Lakini kila bonde linalofunguliwa ni mdomo mmoja zaidi katika mtungi ule ule, na mwenye mtungi hana budi kujua kimo cha maji yake.

Msomaji na atazame hesabu hii ndogo. Maji yenye kina cha sentimita 5 juu ya ekari moja ni lita 200,000 hivi, yaani ndoo 10,000 za lita 20. Sentimita 5 ni urefu wa kidole gumba. Mkulima anayezidisha kiasi hicho mara moja, katika ekari moja, amezidisha maji ambayo familia moja isingeweza kuyabeba kwa miaka mingi. Wala hakujua, kwa sababu jicho halipimi.

Kuna dawa za jambo hili, na baadhi yake zimejaribiwa karibu nasi. Tangu mwaka 2013 wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi, mkoani Iringa, walishirikiana na watafiti wa Tanzania na Australia kujaribu chombo kilichopewa jina la kinyonga, kwa kuwa hubadili rangi. Vipimo vidogo huzikwa katika udongo kwa vina mbalimbali, pale mizizi inapofika. Mkulima huunganisha kisomaji chake, na taa humwonesha buluu ikiwa udongo umelowa, kijani ikiwa unyevu unatosha, na nyekundu ikiwa mmea umeanza kupata shida. Hapana tarakimu za kusumbua, wala haihitajiki shahada kuzisoma rangi tatu.

Walichojifunza wakulima hao ni jambo la kutafakari. Waligundua kwamba mara nyingi walikuwa wakimwagilia ardhi ambayo chini yake bado ilikuwa buluu. Waligundua pia kwamba maji yale ya ziada yalikuwa yakiisukuma mbolea chini kupita mizizi, hata mkulima akawa anainunua mbolea kisha anaizika mwenyewe. Walipopunguza siku za kumwagilia, mavuno hayakushuka bali yaliongezeka, na magombano ya zamu yakapungua. Chombo hakikuwaamrisha kitu. Kiliwaonesha tu yaliyokuwa chini ya miguu yao, nao wakaamua.

Kwa mpunga, ambao ndio zao kubwa la mabonde yetu, kuna njia nyepesi zaidi. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino imewafundisha wakulima wa Asia kuzika katika jaluba kipande cha bomba la plastiki lenye matundu, urefu wake sentimita 30 hivi. Mkulima huchungulia ndani. Maji yakiwa bado hayajashuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, hana haja ya kufungulia, hata kama juu pameonekana kukauka. Isipokuwa wakati mpunga unapochanua, ambapo jaluba hupaswa kuwa na maji. Kwa njia hiyo maji ya umwagiliaji hupungua hadi asilimia 30 bila ya mavuno kupungua. Bomba hilo si dijitali. Lakini likitiwa kipimo kidogo kinachotuma kimo cha maji kwenye simu ya mwenyekiti wa kamati ya bonde, mtu mmoja anaweza kuzijua zamu za majaluba mia bila ya kutembea usiku.

Viongozi nao wana chombo chao. Tangu mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeweka wazi, bila ya malipo, takwimu za satelaiti zinazokadiria maji yanayotumiwa na mimea barani Afrika. Takwimu hizo hazifai kwa jaluba moja la robo ekari, na wakati wa masika mawingu huziziba. Hata hivyo kwa bonde zima, kwa msimu mzima wa kiangazi, humwezesha ofisa kuona wapi maji mengi yametoa mavuno machache, na kwenda huko kuuliza kwa nini.

Hapa ndipo tunapoomba tusikilizwe kwa makini. Kuna watu wanaodhani kwamba shamba likitumia maji kwa uangalifu, basi kisima kimepona. Mambo hayaendi hivyo. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba mkulima aliyepunguza maji katika ekari moja huyatumia maji yaliyobaki kulima ekari ya pili, au huhama kutoka zao la maji machache kwenda zao la maji mengi. Hatumlaumu, kila mwenye watoto angefanya hivyo. Lakini mwisho wa mwaka kisima kimetoa kiasi kile kile, au zaidi.

Tena si maji yote yaliyozidi shambani ambayo yamepotea. Mengine hurudi chini yakawa akiba tena, ingawa huenda yakibeba mbolea na yamekwisha kula umeme wa kuyapandisha. Yaliyopotea kweli ni yale yaliyokwenda hewani bila ya kufaa mmea, na yale yaliyokimbilia mtoni na baharini. Kwa hiyo mtu anapokuja kutuuzia mtambo na kutuahidi kwamba utaokoa nusu ya maji, swali letu la kwanza liwe hili: nusu hiyo itabaki wapi? Asipoweza kutuonesha kwamba itabaki kisimani, ametuuzia starehe ya shambani, hakutuuzia akiba.

Hatari hiyo imezidi kwa kuja kwa pampu za jua. Sisi tunaziunga mkono, maana zimempunguzia mkulima gharama za dizeli na umeme. Lakini dizeli, pamoja na ubaya wake, ilikuwa na hekima moja: ilimlazimisha mtu kuzima pampu. Jua halileti ankara. Pampu ya jua isiyo na mita huvuta maji tangu asubuhi hadi jioni, mmea ukihitaji au usihitaji, na hapana mkono wa kuizuia ila dhamiri ya mwenyewe.

Watu wa Malta, ambao ni wenzetu wa visiwani katika bahari ya Mediterania, wamelipa gharama ya jambo hili. Visima vyao vilivutwa kwa miaka mingi mpaka chumvi ikaingia, na leo zaidi ya nusu ya maji yao ya bomba hutoka baharini, yakachujwa chumvi kwa mitambo inayokula umeme mwingi. Malta ina uwezo wa kulipa gharama hiyo. Tujiulize kama sisi tunao.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Atasema mtu kwamba vyombo hivi ni ghali na makonde yetu ni madogo. Ni kweli, na ndiyo maana hatusemi kila mkulima anunue chake. Vipimo vichache vilivyowekwa katika majaluba ya mfano, vikasomwa mbele ya wote, vinaweza kulifundisha bonde zima, kama ilivyokuwa Iringa. Atasema mwingine kwamba umeme na mtandao hukatika. Hilo nalo ni kweli, na Unguja haijasahau miezi mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ilipotokea hitilafu katika njia ya umeme ya chini ya bahari. Kwa hiyo mtambo usioweza kufanya kazi siku mtandao ukikatika usinunuliwe. Kila bonde liwe na njia ya kufungua maji kwa mkono, na kila kipimo kiweze kusomwa kwa macho na kuandikwa kwa kalamu.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito, nayo haisemwi hadharani. Mkulima huogopa kwamba hesabu ya maji ni mwanzo wa kodi ya maji, na kwamba mita itafungwa katika kisima chake kabla ya kufungwa katika visima vya wenye nguvu. Hofu hii haiondolewi kwa hotuba. Itaondoka kwa vitendo, yaani mita zianze kwa watumiaji wakubwa: visima vya miradi, vya taasisi na vya mahoteli, ndipo zifike kwa mkulima wa ekari moja. Haiwezekani kumwambia mwenye nyanya aokoe ndoo huku kisima cha jirani yake, kinachomwagilia bustani za maua, hakiulizwi.

Basi, yapo mambo ambayo tunayapendekeza kwa Serikali, nayo hayahitaji kungojea mkopo mpya.

Kwanza, kila kisima cha umwagiliaji kinachochimbwa kwa fedha ya umma kiwe na vipimo vitatu tangu siku ya kwanza: mita ya maji yanayotoka, kipimo cha kimo cha maji, na kipimo cha chumvi. Kipimo cha chumvi kisidharauliwe. Vitunguu na maharage huanza kudhurika mapema kuliko nyanya na mpunga, na mkulima aliyeambiwa mapema anaweza kubadili zao kabla ya kupata hasara.

Pili, hesabu hizo zisilale katika kompyuta ya ofisini. Zitolewe kila mwezi kwa Kiswahili chepesi, zibandikwe katika ofisi ya sheha na zipelekwe kwa simu kwa kila mwanachama wa kamati ya bonde. Habari zilizopimwa katika shamba la mtu ni haki ya mtu huyo kuzijua kabla ya mfadhili na kabla ya mwandishi wa ripoti.

Tatu, uwekwe ukomo wa maji yanayoruhusiwa kutoka katika kila bonde kwa msimu, ukomo unaotokana na kimo cha kisima, si na hamu ya watu. Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2006, na wizara inayoshughulikia kilimo zikae katika meza moja juu ya jambo hili. Maji hayajui mpaka wa wizara. Ukomo ukishajulikana, basi maji yanayookolewa yagawanywe kwa utaratibu unaojulikana: sehemu iwe ya mkulima aliyeyaokoa, ili apate faida ya jitihada yake, na sehemu ibaki ardhini.

Nne, ufundi uwe wetu. Tunao watafiti wa Kizimbani, tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na tunao vijana wa vyuo vya ufundi wanaofungua na kufunga simu za kila aina kwenye vibanda vya mitaani. Kijana anayeweza kuitengeneza simu anaweza kukitengeneza kipimo cha unyevu, mradi afundishwe na vipuri viwepo. Mtambo unaongoja fundi kutoka ng'ambo ni mgeni, na mgeni akiugua ugenini huwa mzigo wa mwenyeji.

Na kwa wakulima wenzetu tuna neno moja. Msingojee chombo ndipo muanze kuhesabu. Kamati ya bonde inaweza kuanza wiki hii na daftari la skuli: pampu iliwashwa saa ngapi, ilizimwa saa ngapi, zamu ilikuwa ya nani, na maji ya kisima yana ladha gani. Bwana shamba anaweza kukata vipande vya bomba, akavitoboa na kuvizika katika majaluba ya juu, ya kati na ya chini. Dijitali itakapofika itamkuta mtu aliyezoea kuuliza, nayo itamfaa. Ikimkuta mtu asiyezoea kuuliza, itakuwa pambo.

Tumerithi visima vya maji matamu kutoka kwa watu waliovichimba kwa mikono na waliojua, kwa urefu wa kamba tu, kama maji yamepanda au yameshuka. Kamba ile ilikuwa daftari lao. Pampu imetuondolea kamba na haikutupa kitu badala yake. Kazi iliyo mbele yetu ni kuirudisha hesabu ile kwa chombo cha zama zetu, na kuirudisha sasa, wakati maji ya kuhesabiwa bado ni matamu.